TAARIFA YA TAWI: MAZUNGUMZO NA WAZAZI KUHUSU NAFASI ZA SHULE NA VIKARATASI

Ndugu wanachama, wazazi na walezi wa Gerezani,



Haya ni maneno tuliyoyazungumza kwenye mkutano wa tawi siku ya Jumapili. Tumeyaandika na kuyatuma hapa kwa sababu wengi mlikuwa sokoni, na waliohudhuria wameomba wayapate kwa maandishi. Ni marefu kuliko taarifa zetu za kawaida. Tunaomba myasome mkiwa mmetulia, na msiyakatekate vipande mkapeleka kwenye makundi mengine yakageuka kuwa maneno mengine.

Kila mwaka ikifika Oktoba, uandikishaji wa darasa la awali na la kwanza unapoanza, simu za viongozi wa tawi hazilali. Desemba, orodha ya kidato cha kwanza ikitoka TAMISEMI, zinaanza upya. Ombi ni moja: "Katibu, nigongee kikaratasi nikampe mwalimu mkuu." Wengine hawataki hata kikaratasi, wanataka tupige simu tu, mwalimu asikie sauti ya Chama.

Kamati ya Siasa ya Tawi imekaa na imeamua. Mhuri wa tawi hautagongwa kwenye karatasi yoyote ya kumwombea mtoto nafasi ya shule, awe mtoto wa mwanachama, wa balozi wa shina au wa mjumbe wa Kamati ya Siasa yenyewe. Simu hazitapigwa. Kiongozi atakayepiga kwa jina la tawi ataitwa kwenye kikao.

Tunajua uamuzi huu haukuwafurahisha wote. Pale mkutanoni mama mmoja alisimama akauliza: kama Chama hakimsaidii mwanachama kumpatia mwanawe shule, kadi ni ya nini? Alipigiwa makofi, na lile ni swali la haki. Linastahili jibu la kina, ndiyo maana tunaandika.

Tuanze na hesabu, maana hesabu hazina itikadi.

Tangu Januari 2016, kwa Waraka wa Elimu namba 5 wa mwaka 2015, Serikali iliondoa ada mpaka kidato cha nne, na fedha za uendeshaji zikaanza kwenda moja kwa moja kwenye akaunti za shule. Kiwango cha shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo, 6,000 zinakwenda shuleni na 4,000 zinabaki kwa ajili ya vitabu. Sekondari ni shilingi 25,000, nusu inakwenda shuleni na nusu ni ya vitabu. Chukueni shule ya msingi yenye wanafunzi 1,200. Kwa 6,000 kila mmoja inapata shilingi 7,200,000 kwa mwaka, sawa na 600,000 kwa mwezi. Hapo kuna chaki, karatasi za mitihani, ukarabati, michezo, shajara. Mwenye duka la jumla Mtaa wa Msimbazi anaweza kuuza kiasi hicho kabla ya adhuhuri.

Sasa fedha hizo huja kwa idadi ya wanafunzi walioingizwa kwenye mfumo. Mtoto aliyeingia kwa kikaratasi, jina halijakaa sawa kwenye mfumo, hana fedha iliyomfuata. Anakula chaki ya mwenzake. Wakiwa 60 wa namna hiyo kwenye shule moja, shule ina upungufu wa shilingi 360,000 kwa mwaka ambao hakuna kitabu cha hesabu kitakachouonyesha. Mwalimu mkuu ataonekana hajui kutunza fedha, kumbe anatunza watoto wasio na fedha.

Na mtoto mwenyewe anaumia. Siku hizi kila mwanafunzi wa msingi ana namba yake ya PReM, mfumo wa Baraza la Mitihani. Uhamisho unafanyika humo. Barua ya mkono haitoshi. Mzazi anafurahi Januari kwa sababu mtoto amekaa darasani, lakini taarifa za mtoto zimebaki shule ya zamani. Ikifika usajili wa upimaji wa darasa la nne au mtihani wa kumaliza msingi, ndipo mbio zinaanza. Kikaratasi kinamwingiza mtoto mlangoni, kwenye usajili wa mtihani hakisaidii chochote.

Halafu kuna msongamano. Kiwango cha Serikali ni wanafunzi 45 kwa chumba kimoja cha msingi. Kila mzazi hapa anajua chumba cha mwanawe kina wangapi, hatuna haja ya kutaja. Mwalimu wa darasa la kwanza anayefundisha kusoma anahitaji kumsikiliza mtoto mmoja mmoja. Kila anayeongezwa kwa njia ya pembeni anapunguza dakika za aliyefuata foleni, na aliyefuata foleni mara nyingi ndiye asiye na mtu wa kumpigia simu.

Kwa hiyo yule mama tunamjibu hivi. Ndiyo, kikaratasi kingemsaidia mwanachama mmoja. Lakini tawi lina wanachama wengi, na kila kikaratasi tunachomwandikia mmoja kinamsukuma mtoto wa mwingine ambaye hakutujia. Hatuwezi kuitwa wasimamizi wa Serikali huku tukijichotea nafasi kwenye shule zake. Na mwalimu mkuu aliyekwisha kutupokelea vikaratasi kumi, siku tukimuuliza hesabu za shule atatucheka kimoyomoyo.

Wazee wa Gerezani hawahitaji kufundishwa maana ya kuchagua watoto kwa jambo lisilowahusu watoto. Wakati wa Mwingereza mji huu uligawanywa: Uzunguni kule baharini, Uhindini katikati, na huku kwetu Uswahilini, Mnazi Mmoja ukiachwa wazi kama mpaka. Shule nazo zilikuwa za aina tatu, za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, kila moja na bajeti yake, na yetu ndiyo ilikuwa nyembamba. Sheria ya elimu ya mwaka 1961 iliifuta mifumo hiyo, na kuanzia Januari 1962 ukawa mfumo mmoja. Tambaza, ambayo wajukuu wetu wanapangiwa leo, ilikuwa shule ya Aga Khan. Watu walidai shule ifunguke kwa mtoto yeyote. Hawakudai rangi iondolewe ili pahali pake pakae namba ya simu.

Tukija kwenye Gerezani ya leo, tuseme ukweli ambao hausemwi sana. Kata yetu ina watu wengi mchana na wachache usiku. Nyumba za urithi zimegeuka stoo na fremu za maduka. Familia zimehamia Kivule, Majohe, Chanika, Mbagala. Lakini asubuhi mama lishe, mpagazi, fundi bati, muuza spea na dada wa dukani wote wanashuka hapa, wengine na mtoto mkononi, kwa sababu hawana wa kumwachia kule wanakoishi na darasa la kule limefurika. Wanataka mtoto asome karibu na meza ya biashara. Wenyeji nao wanasema: shule hizi ni zetu, watoto wetu kwanza.

Tumesikiliza pande zote mbili, na maoni ya tawi ni kwamba zote zina haki, ila haziwezi kupewa haki gizani. Hakuna sheria inayosema shule ya Serikali ni ya wazawa wa mtaa. Pia si haki mtoto anayelala Mtaa wa Lindi akapangiwa mbali kwa sababu dawati la jirani limechukuliwa na mtoto wa aliyekuja na bahasha. Tunachopendekeza kwa Kamati za Shule zilizo katika kata yetu ni utaratibu wa foleni uliobandikwa ubaoni kabla uandikishaji haujaanza. Watangulie watoto wenye ulemavu ambao shule ina uwezo wa kuwahudumia. Wafuate wanaoishi kwenye kata, kisha wenye kaka au dada shuleni hapo, kisha watoto ambao mzazi au mlezi anafanya kazi hapa. Hili ni pendekezo letu, Kamati na Afisa Elimu Kata wanaweza kulipanga tofauti. Sisi hatutagombania nani awe wa tatu na nani wa nne. Tutagombania libandikwe.

Kuhusu watoto wenye ulemavu, tuna bahati ambayo kata nyingi hazina. Uhuru Mchanganyiko ipo hapa hapa jirani, Mtaa wa Uhuru, na kwa miaka mingi imekuwa ikisomesha watoto wasioona, viziwi wasioona, wenye ualbino na wenye ulemavu wa akili pamoja na wenzao. Bado kuna familia zinamficha mtoto chumba cha nyuma. Balozi anayejua nyumba yenye mtoto wa namna hiyo aende akazungumze na wazazi wiki hii, kwa heshima, bila kupiga picha.

Sasa hapa Chama kinahusika moja kwa moja. Mzazi ili apate barua ya Serikali ya Mtaa huanzia kwa balozi wa shina. Balozi ndiye anasema huyu ni mkazi wangu. Na sote tunaijua "anwani ya bibi". Familia iko Msongola mwaka wa tano, lakini mtoto anaandikwa anaishi kwa bibi Gerezani. Mtoto anayelala kwa bibi kweli, ni mkazi, aandikwe bila maswali mengi, na watoto wengi mjini wanalelewa na bibi zao, Mungu awalipe. Lakini bibi mwenye chumba kimoja na sebule hawezi kuwa na wajukuu kumi na moja wa darasa la kwanza. Mabalozi, msisaini msichokijua. Ukisaini anwani ya uongo, orodha nzima inakuwa ya uongo, hata kama mwalimu mkuu ni mwaminifu kupita wote.

Hayo ni ya msingi. Ya sekondari yana uchungu wake.

Kabla ya sekondari za kata, mtoto aliyefaulu darasa la saba alikuwa kama aliyeshinda bahati nasibu. Mwaka 2004 nchi nzima ilikuwa na sekondari zisizofika 1,300. Mwaka 2009 zilikuwa zimepita 4,000. Baadaye yalijengwa madarasa 15,000 kwa fedha za UVIKO-19, mengi yakiwa ya sekondari, na Januari 2022 waliofaulu wakaanza pamoja bila kusubiri chaguo la pili. Hayo tunayasema kwa fahari. Lakini kuwa na nafasi hakutoshi, lazima tuulize nafasi iko wapi.

Mtoto wa kutwa anapangwa kwa kufuata shule ya msingi aliyofanyia mtihani. Akipangiwa mbali, akapanda magari mawili kwenda na mawili kurudi, nauli ya mwanafunzi ni shilingi 200 kila gari. Hiyo ni 800 kwa siku. Mwaka wa masomo una siku 194. Zidisheni: shilingi 155,200. Serikali inamlipia mtoto huyo 25,000 kwa mwaka, mzazi anamlipia daladala zaidi ya mara sita ya hizo. Ada imefutwa shuleni, imehamia kituoni. Na hapo konda hajamwacha. Tunawaona wenyewe asubuhi, gari linapunguza mwendo, konda akiona sare za shule anapiga bati, gari linaondoka. Binti anachelewa, anaogopa adhabu, anakubali lifti ya bodaboda. Mnajua yanayofuata. Na kama yamefuata, mzazi asikubali kuambiwa shule imekwisha: Waraka wa Elimu namba 2 wa mwaka 2021 unaruhusu waliokatisha masomo, pamoja na wasichana waliojifungua, warudi.

Kwa hiyo upangaji ni fedha. Anayeamua mtoto asome wapi anaamua pia mfuko wa mzazi utoke kiasi gani. Fedha ya umma ina risiti, daftari na mkaguzi. Tunataka nafasi ya shule nayo itunzwe hivyo. Tawi linaandika barua kupitia uongozi wa Chama Kata na Mheshimiwa Diwani kuiomba Halmashauri ya Jiji itangaze mapema, kabla ya Desemba, kila sekondari ya kutwa inapokea watoto kutoka shule zipi za msingi, na kwa kigezo gani. Mzazi akijua Oktoba, atajipanga. Akijua Januari, atatafuta kikaratasi.

Na muda hautusubiri. Kwa mtaala ulioanza Januari 2024, elimu ya msingi inakwenda kuwa ya miaka sita, na mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza kwa pamoja. Makundi mawili, mlango mmoja. Kama leo kwa kundi moja tunagombana, hebu piga picha Januari 2028.

Tuzungumze kuhusu walimu wakuu. Hatukuja kuwashambulia. Wengine wanafanya kazi katika mazingira ambayo sisi tungekimbia. Lakini uongozi wa shule unalipiwa: tangu 2016 mwalimu mkuu wa msingi ana posho ya madaraka ya shilingi 200,000 kwa mwezi, na mkuu wa shule ya sekondari 250,000. Madaraka maana yake ni kujibu maswali. Mwaka mmoja mzazi mwenzetu aliambiwa shule imejaa. Wiki mbili baadaye mtoto wa jirani yake akaingia darasa lile lile. Hakuna aliyeweza kumwonyesha daftari la waliotangulia, kwa sababu daftari halikuwepo. Shule hatuitaji, ila kila mmoja wetu anaijua moja ya namna hiyo. Labda kulikuwa na sababu nzuri kabisa. Bila daftari, sababu nzuri na rushwa zinafanana.

Mwalimu mkuu naye analindwa na daftari. Mheshimiwa akipiga simu, anajibu kwa adabu: "Mheshimiwa, foleni iko ubaoni, wa mwisho ni namba 92." Simu inakwisha hapo. Anayeshindwa kusema hivyo ni yule asiye na foleni. Na anapohamishwa, maana wanahamishwa sana, daftari hilo liwemo kwenye makabidhiano, pamoja na leja na taarifa za benki, mwenyekiti wa Kamati akishuhudia. Mwalimu mpya akikuta kabati tupu, hesabu za miaka mitatu zimeondoka na mtu mmoja.

Kamati ya Shule ni ya wazazi. Mwalimu mkuu ni katibu wake, si mwenye nyumba. Lakini tunawaona wajumbe wengine wakisaini muhtasari wa kikao ambacho hawakukaa, soda imenywewa, basi. Anayegombea ujumbe wa Kamati akijua hawezi kusoma taarifa ya mapato na matumizi, aje ofisini kwetu, tutamfundisha kwa jioni mbili. Stashahada ya uhasibu haihitajiki. Kinachohitajika ni kuuliza: zimeingia ngapi, zimetoka ngapi, risiti iko wapi, kwa nini ubao wa matangazo ni mtupu?

Kuhusu michango, kwa kifupi. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku walimu kukusanya michango kwa wanafunzi, na akaelekeza anayetaka kuchangia kwa hiari apeleke kwa Mkurugenzi. Kuchangia si dhambi, madarasa mengi yamejengwa kwa nguvu za wananchi. Lakini mchango unaoombwa siku ya kuandikisha, mlangoni, kabla jina la mtoto halijaandikwa, huo hauna hiari ndani yake. Ukiombwa fedha ili mtoto apate nafasi, iitwe dawati, iitwe fomu, iitwe chai, ombeni risiti ya Serikali. Ikikosekana, njia iko wazi: Kamati ya Shule, Afisa Elimu Kata, ofisi ya Mkurugenzi wa Jiji, na TAKUKURU namba 113, bure. Anayetoa naye anavunja sheria, tusijifanye hatujui.

Wapo waliouliza kuhusu Olympio na Diamond kule Upanga, shule za Serikali zinazofundisha kwa Kiingereza. Jibu ni lile lile. Fuateni tangazo la shule, mpelekeni mtoto kwenye usaili kama wengine. Tawi halina mlango wa nyuma huko, na anayewaambia anao anataka hela yenu.

Mambo ya utekelezaji. Mabalozi wote wafike ofisi ya tawi Jumamosi saa kumi alasiri, kila mmoja na orodha ya watoto wa shina lake wanaotakiwa kuanza awali na darasa la kwanza: jina, umri, nyumba anayolala, kama ana cheti cha kuzaliwa au hana. Wasio na vyeti tutawaelekeza taratibu za RITA mapema, Januari kuna msongamano. Wazazi watatu wenye nafasi tunawaomba wajitolee kupita kwenye shule za kata yetu na kutuletea jibu la swali moja tu: foleni imebandikwa ubaoni au haijabandikwa. Wasiingie madarasani, wasibishane na walimu, waage wakimaliza. Majibu tutayatuma kwenye kundi hili, shule kwa shule, baada ya kumpa kila mwalimu mkuu wiki moja ya kujibu.

Na yule mama aliyeuliza kadi ni ya nini, tumemwomba awe mmoja wa hao watatu. Amekubali, ila amesema mwanawe bado hana shule, na hajatusamehe.

Imetolewa na:
Katibu wa Tawi,
Gerezani, Dar es Salaam